Selestina Amerudi Kutoka Mokambo

Jamaa zangu wa Jadotville,

Leo nimeadhirika mbele ya barabara nzima, na leo hii hii nimeshinda. Yote mawili kabla ya saa nne asubuhi. Nawaandikia mwenyewe jioni hii kwa sababu treni ya kesho itawaletea habari, na najua watu wa treni wanavyoongeza chumvi. (Safari hii hawana haja. Chumvi imejaa tayari.)

Kwa wale ambao hamjafika kwangu tangu nihamie mtaa huu wa Katuba: Selestina ni njiwa. Mkubwa wangu kazini, Mbelgiji mmoja mwenye wazimu wa njiwa wa mashindano, huwanyonga makinda dhaifu. Miaka miwili iliyopita alikuwa ameshamshika huyu shingoni, nikamwomba anipe. Nikamleta nyumbani ndani ya kofia. Mke wangu akamweka kifuani, chini ya blauzi, siku tisa, akimlisha uji wa mtama kwa kidole. Mnajua tuna miaka saba ya ndoa na nyumba haina mtoto. Sitaki kusema zaidi ya hapo. Nasema tu kwamba siku ya kumi kile kiumbe kilisimama kwa miguu yake juu ya meza, mke wangu akalia, na mimi pia nikalia kidogo. Tangu siku hiyo nyumba yetu ina watu watatu.

Anakula bukari ya unga wa mahindi pamoja nasi, kwenye sahani yake. Analala kwenye kikapu, chini ya kitanda chetu. Majirani walianza kwa utani kutuita Baba Selestina na Mama Selestina. Sasa hata katekista anatuita hivyo, na hacheki.

Shida ilianzia kwa Ramazani. Fundi Ramazani ni mshonaji, watu wake wametoka Maniema, nyumba yake ni ya nne kutoka kwangu. Ana banda lenye njiwa kumi na wawili, na dume mmoja anayemwita Jenerali. Mwezi uliopita tulikuwa bombani, watu wakingoja maji, akasema Selestina si njiwa, ni kuku aliyebatizwa. Watu walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Damu ikanichemka, nikasema maneno. (Mnanijua.)

Nilipomaliza kusema, tulikuwa tumeshawekeana dau, pari imeshafungwa. Njiwa wawili, Selestina na Jenerali, wafunguliwe Mokambo, kule mpakani, Jumapili asubuhi. Kila mtu amngoje wake nyumbani, amkamate, amkimbize kwa Mzee Kasongo, yule sajini mstaafu mwenye saa, ambaye atakaa bombani, katikati ya nyumba zetu mbili. Anayetangulia kumkabidhi njiwa mkononi anachukua na njiwa wa mwenzake. Na mke wa Ramazani, kwa heshima zangu zote, anasifika Katuba nzima kwa pilau ya njiwa.

Mama Selestina sikumwambia.

Mwezi mzima nilimzoeza yule ndege kwa siri. Nilimfunga kwenye baiskeli ndani ya kikapu, nikamwachilia Ruashi, ng'ambo ya mji. Nikifika nyumbani nikihema, nilimkuta mezani ameshaanza kula. Nikamwachilia mbali zaidi, mbali zaidi tena, akaniwahi kila mara. Mke wangu alifikiri nampeleka kutembea. Alikuwa akifunika kikapu kwa leso ili mtoto asipigwe na vumbi. Nilijisikia mwongo, na nikaendelea kupiga pedali.

Alhamisi bahati ilinijia. Dada yake mke wangu alijifungua kule Kipushi, mke wangu akaenda kumsaidia, akasema atarudi Jumapili mchana. Nilihesabu saa kwa vidole. Mashindano yangeisha asubuhi, Selestina angeoga, angekula, angekuwa kwenye kikapu chake, na hakuna ambaye angejua kitu. Jumamosi nikampa binamu yangu, anayefanya kazi ya breki kwenye treni, njiwa wawili ndani ya kikapu kimoja, awafungue kesho yake. Selestina alifungwa uzi mwekundu mguuni, Jenerali uzi mweupe. Treni ilipoondoka Selestina aliniangalia kupitia matundu ya kikapu. Usiku sikulala vizuri.

Sasa ya leo.

Niliamka mapema, nikaoga, nikavaa suti yangu ya buluu, ile niliyoolea, pamoja na kizibao, tai na kofia. Mshindi hapokei ushindi akiwa na singlendi. Mfukoni nilikuwa na hotuba, kurasa mbili, inayoanza na “Waheshimiwa majirani”. (Ndiyo. Niliiandika mapema.) Nikasimama katikati ya ua, mikono nyuma, nikitazama angani upande wa Mokambo. Kule kwake Ramazani alikuwa ameketi mlangoni na singlendi yake, akishona suruali ya mtu, hana haraka yoyote.

Saa tatu na dakika kama kumi, nikaona kitone. Kikakua. Kikawa na mabawa. Kikazunguka juu ya paa mara moja, mara mbili, na mguuni nikaona wekundu. Selestina! Peke yake! Jenerali hayupo hata kwa dawa! Jamaa, machozi yalinitoka. Kutoka Mokambo, yule kinda wa kunyongwa, ameuacha ukoo mzima wa majenerali nyuma.

Akatua kwenye paa letu. Nikafungua mikono, nikasema, “Selestina, kuya kwa baba.”

Selestina akaniangalia kwa jicho moja. Akageuza kichwa, akaniangalia kwa jicho la pili. Halafu akarukia paa la jirani.

Nilidhani amechoka. Nikasogea. Na yeye akasogea, mbali zaidi. Ndipo nilipoelewa. Mtoto huyu ananijua na kaptura ya nyumbani. Hajawahi kuniona uani na suti. Kwake mimi ni mgeni mwenye kofia kubwa aliyesimama mbele ya nyumba yao, na yeye amefunzwa vizuri, haendi kwa wageni.

Nikavua kofia. Hakuja. Nikavua koti, nikalitundika kwenye uzio, hotuba ikiwa ndani. Hakuja. Kizibao, tai, shati. Watoto wawili walisimama kuangalia. Halafu mama zao. Misa ya kwanza ilikuwa imetoka, na watu wa misa hupita mbele ya kwangu, wamevaa vizuri, hawana la kufanya. Mtu mmoja akamuuliza mwenzake kama kuna maiti humu ndani. Mwenzake akamjibu hapana, ni Baba Selestina, anavua nguo.

Ndipo Selestina akashuka kutoka paani. Moyo ukanipaa. Lakini hakuja kwangu. Alitua kwenye kamba ya nguo, pembeni ya kikwembe cha mke wangu, kile kitenge cha manjano chenye samaki wekundu, ambacho mke wangu huvaa kila asubuhi anapomlisha. Akakisogelea, akakiegemezea kichwa, akafumba macho. Nikinyoosha mkono anaruka. Nikirudi nyuma anarudi kwenye kikwembe chake.

Nilimngoja aruke mara nyingine, nikakichukua. (Nawaomba mfikirie nafasi niliyokuwa nayo. Pilau, jamaa. Fikirieni pilau.) Nikajifunga kifuani, kama anavyofanya yeye. Nikajifunga na kitambaa chake kichwani. Suruali ilikuwa ikichungulia chini, nikaikunja. Ikajikunjua. Nikaivua. Watu wa misa waliacha kupita, wakasimama kabisa.

Nikachukua kopo la mahindi, nikaligonga kwa kijiko. Selestina akainua shingo. Lakini hakuja, kwa sababu kulikuwa na kitu kimoja kilichobaki, nami nilikijua, na nilikuwa nikimwomba Mungu kisihitajike. Mke wangu humwimbia.

Nikakaza koo. Nikatoa sauti nyembamba kadiri nilivyoweza.

“Selesti, Selesti, kuya kula, mama iko.”

Kicheko kilichopigwa pale, mngekisikia huko Jadotville. Mzee mmoja alilazimika kushikiliwa. Lakini Selestina, jamaa, alikuja. Alikuja moja kwa moja, akatua juu ya kitambaa cha kichwani, na nikamshika kwa mikono miwili. Moyo wake ulikuwa unapiga mbio chini ya vidole vyangu, na mimi nilisahau kwamba kuna mtu anacheka.

Wakati huo huo nikasikia mabawa. Jenerali. Hakuzunguka hata mara moja, aliingia bandani kwake kama mtu anayeingia ofisini. Nikamwona Ramazani akitupa suruali ya mteja, akiingia bandani, akitoka.

Tukakimbia. Kutoka pande mbili, kuelekea bombani, kila mtu na mtoto wake kifuani. Ramazani ana miguu mirefu, na hakuwa amevaa kikwembe. Mimi kila nikipiga hatua fundo lilikuwa linalegea. Mkono mmoja kwa Selestina, mkono mmoja kwa kikwembe, huku mbio zikipungua. Nikaona hivi ninashindwa. Nikaamua haraka.

Nikaachia kikwembe.

Kwa hiyo, mbele ya watu wa misa, mbele ya katekista na wanakwaya wanawake wote wa sauti ya kwanza, karani wa miaka kumi na moja kazini, katibu wa chama chetu cha kusaidiana, alikimbia katikati ya barabara na chupi, singlendi, na kitambaa cha mke wake kichwani, amemkumbatia njiwa, analia. Sikuona aibu hata kidogo. Aibu ilinifika baadaye, yote kwa pamoja.

Nilimweka Selestina mikononi mwa Mzee Kasongo, na kiwiko cha Ramazani kikanigonga mgongoni. Hiyo ndiyo tofauti iliyokuwepo. Mzee Kasongo akaangalia uzi mwekundu. Akaangalia saa. Akaniangalia mimi, kuanzia kitambaa mpaka miguu, bila haraka, kama anakagua gwaride.

“Saa tatu na dakika makumi tatu na moya,” akasema. “Selestina njo wa kwanza. Baba Selestina, repo.”

Repo ndilo neno wanaloambiwa askari walegeze miguu. Nililegeza. Watu walipiga makofi, jamaa, walipiga kweli, hata wale waliocheka zaidi. Mzee akauliza kama mshindi ana neno. Kurasa zangu mbili zilikuwa kwenye uzio, ndani ya koti. Nikasema asante.

Makofi yakakatika upande mmoja. Nikageuka. Lori la Kipushi lilikuwa limewahi. Mama Selestina alikuwa amesimama pale na mzigo wake kichwani, na mkononi alikuwa na kikwembe cha manjano alichokiokota njiani. Nilitegemea aulize habari za nguo. Hakunitazama hata mimi. Alimtazama Selestina.

“Juu ya nini mutoto anapumua hivi?” akauliza. “Anatoka wapi?”

Aliyejibu ni Ramazani, macho chini. “Anatoka Mokambo, Mama Selestina. Bwana yako alimutia mu pari na Jenerali yangu.”

Mke wangu akatua mzigo, akampokea Selestina kutoka kwa Mzee, akamfungua bawa moja, akamfungua la pili, akampuliza manyoya ya shingo. Akamwuliza Mzee ni mwendo gani kutoka Mokambo. Mzee akamweleza. Nikaona kidevu cha mke wangu kikiinuka kidogo kidogo, kwa fahari, ingawa hakutaka nione.

Ramazani, mtu wa neno lake, akamnyooshea Jenerali. Alimpapasa kichwa kwanza. Na yeye kumbe alimlea yule tangu yai. Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo, na nilimwonea huruma, ingawa nilikuwa na baridi ya magoti.

Mke wangu hakumpokea. “Jenerali abakie kwa baba yake,” akasema. “Lakini mbele ya hii bantu yote, Fundi, utuambie. Selestina iko nini?”

Ramazani akamwangalia Selestina. “Iko njiwa, Mama. Njiwa ya kweli. Kupita yangu.”

Hapo nilipiga kelele peke yangu, kwa furaha, na nikakumbuka nimevaa nini.

Tulirudi nyumbani. Alinirushia kikwembe nijifunike, na nilikifunga vizuri zaidi kuliko asubuhi. Selestina akaoga, akala bukari, akalala. Ndipo mke wangu akaniketisha mbele yake. Nilijiandaa kwa maneno mengi. Yalikuja machache.

“Siku ingine, ukitaka kutia muntu wa hii nyumba mu pari, ujitie weye mwenyewe.”

Nikaomba msamaha. Niliomba kwa dhati, na naomba tena hapa kwenye karatasi. Halafu, kwa sababu nilikuwa bado na joto la ushindi, nikamwuliza: na kama ningejitia mimi, wewe ungevaa suti yangu ukimbie mbele ya watu wa misa ili nisichukuliwe?

Akalitazama koti langu, bado liko kwenye uzio.

“Niwaze kwanza,” akasema.

Hiyo ilikuwa saa nane mchana. Sasa inakaribia saa kumi na mbili, yuko mlangoni na Selestina begani, bado anawaza. Kwa hiyo, jamaa zangu, mkicheka, chekeni polepole. Msije mkamkatiza.