Sauti ya Mama na Redio ya Ganjoni

Jumamosi, 22 Februari 2025

Leo Mungu amenikumbuka. Mara ya kwanza tangu niteremke basi Mwembe Tayari, hapa pwani, miaka sita iliyopita.

Tulikuwa Ganjoni, mimi na makuli wenzangu wawili, tukimhamisha mzee mmoja aitwaye Faraj. Ghorofa ya nne, lifti hakuna, kabati la mvule. Mgongo wangu haujanisamehe. Mwishoni mzee akanipa redio ya sidii, nyeusi, imejaa vumbi, akasema niitupe jalalani nikishuka. Yeye siku hizi muziki anasikiliza kwa simu. Nitupe! Nimeitupa hadi chumbani kwangu Majengo.

Ninayo sidii moja. Kwaya ya kigango chetu huko Busia, na anayeanzisha nyimbo ni mama yangu. Huu ni mwaka wa tatu tangu afe. Sikumzika. Nyapara wa godauni alisema atakayeondoka asirudi, nami nikabaki nikibeba magunia ya chai itakayonywewa na watu nisiowajua. Tangu hapo sidii iko chini ya godoro, imefungwa kwa leso yake. Sikuwa na cha kuichezea.

Imecheza! Sauti ni yake. Nimekaa juu ya ndoo nikasikiliza nyimbo mbili. Wa tatu, jirani yangu Ngumbao akagonga ukuta.

Ngumbao ni dereva wa tuktuk. Ana spika ndogo kama kopo la maziwa, inaongea na simu yake bila waya, basi anajiona waziri. Akauliza kwa sauti, nyumba nzima isikie, kama nimeleta mashine ya kusaga unga. "Nikanori! Watu wamehamia mtandaoni, weye wahamia jalalani?" Mkewe Dama akacheka.

Sitasahau kicheko hicho.

Jumapili, 23 Februari

Mwenye nyumba wetu, Bi Mwanakuu, ametangaza kwamba Alhamisi tunavunja jungu. Ndiyo desturi yao hapa, siku ya kula na kucheza kabla ya Ramadhani. Mwezi ukishaandama, katika nyumba hii muziki haramu hadi Idi, hata mlio wa simu upunguzwe.

Akauliza nani ataleta muziki. Ngumbao akainua kopo lake. Mimi nikainua mkono juu zaidi. Nikasema bando huisha katikati ya wimbo, sidii haiishi. Bi Mwanakuu akasema tulete wote wawili, kila mtu na zamu yake, na atakayewachezesha wageni ndiye atakayepiga muziki siku ya Idi. Halafu akanigeukia. "Na hino redio yako, mwanangu, ina taarabu?"

Nikamwambia ina kila kitu.

Hainijalishi taarabu. Nataka mama asikiwe. Nilimnyima udongo, basi sasa nimpe watu. Akishaimba, Ngumbao atafute pa kuficha kopo.

Jumanne, 25 Februari

Redio imeanza kusita. Nimempelekea Faiz, fundi wa redio hapa mtaani. Kasema jicho la kusoma sidii limezeeka, na sidii yenyewe ina mikwaruzo. Akataka kuiingiza kwenye simu yangu. Dakika kumi, bure.

Nikamwambia simu mbili nimeibiwa kivukoni Feri. Mama yangu haibiwi. Akasema basi na yeye abaki na nakala, simu ikipotea nije nichukue. Abaki nayo! Ili kesho aiuze! Nimeinyakua mkononi mwake. Akasema mwenye macho haambiwi tazama. Nikamwambia aliyezeeka jicho ni redio, si mimi.

Jioni, hila. Nimemwomba Ngumbao aniazime mtandao nizungumze na binamu yangu, eti mgonjwa. Akanifungulia pale pale. Nimeacha video za mieleka zijicheze zenyewe mpaka bando lake likakauka. Saa mbili nzima. Macho yananiuma.

Akaja kubisha hodi. Nikadhani vita. Kumbe amekuja kunipa pole kwa maongezi kukatika. Hana wasiwasi wa bando, nyimbo za Alhamisi alishazipakua tangu juzi. Dama ameniletea maji ya ndimu, akasema nimtumie binamu salamu.

Binamu sina. Maji ya ndimu nimekunywa.

Alhamisi, 27 Februari

Nimemwambia nyapara tumbo linanikata. Akasema likate leo tu.

Uani mikeka imetandikwa, sinia za pilau, kina mama wa mtaa mzima. Ngumbao kaanza yeye. Taarabu, makofi, vigelegele. Katikati ya wimbo simu yake ikalia ndani ya spika, na uani wote ukamsikia mtu akitukana kwamba amengoja tuktuk tangu saa sita. Nimecheka hadi pilau ikanipalia.

Zamu yangu. Nikamweka mama.

Wakageuka wote kuitazama redio. Bi Mwanakuu akauliza ni nani huyo. Nikasema mamangu. Akasema mashallah, yuwaimba kwa moyo. Wimbo ulipokwisha akanishika bega. "Lakini mwanangu, wanawake hawa wamekuja kunyonga viuno, weye watuletea kanisa?" Wakacheka wote, si kwa ubaya.

Ningezima hapo. Mtu mwenye akili angezima. Nikasema ngojeni, wa pili una ngoma.

Wa pili ukakwama. Mama anasema "twende", redio inasema twe! twe! twe! twe! Nikaipiga kofi. Twe! twe! Wale kina mama wakadhani ndiyo ngoma yenyewe. Mmoja akafunga leso kiunoni, wa pili, wa tatu. Chakacha! Juu ya ulimi wa mama yangu! Ngumbao akawa anapiga sinia. Hajawahi mtu wangu yeyote kuchezewa ngoma hivyo, na mama alikuwa mtu wa kanisa.

Dama peke yake hakucheza. Alikuwa ananitazama.

Nikang'oa waya. Wakaomba irudiwe.

Ijumaa, 28 Februari

Kosa si la redio. Ni uchafu wa sidii. Kuli mmoja aliwahi kuniambia mikwaruzo hutolewa kwa dawa ya meno na kitambaa laini. Dawa ninayo. Kitambaa laini sina, isipokuwa leso ya mama, nayo siwezi kuipaka dawa. Nikachukua gunia ninaloweka begani kazini. Nimesugua kwa bidii, kama mtu anayelipwa.

Ilinukia vizuri.

Nikaiweka. Redio ikaandika kwenye kioo chake kwamba ndani hamna sidii. Nikafungua, nikaiangalia, imo. Nikafunga. Hamna sidii. Mara kumi na moja. Redio ya jalalani inanibishia mimi!

Sijala.

Jumamosi, 1 Machi

Faiz ameishika sidii juani, akaigeuza, akaigeuza tena. "Dawa ya meno sawa, Nikanori. Lakini gunia?" Hakucheka. Afadhali angecheka. Kasema haisomeki tena, popote.

Nimerudi nikalala na viatu.

Alasiri Ngumbao kabisha hodi, kavua ndara mlangoni. Akasema siku ya Alhamisi, mama alipoanza, Dama alimfinya paja akamwambia arekodi. Anao wimbo wa kwanza, wote. Akanitumia pale pale, akavaa ndara akatoka.

Nikasikiliza, simu sikioni kama mtu anayegombezwa. Sahani inagongwa, mtu anakohoa. Lakini mama yumo. Hata pumzi anayovuta kabla ya ubeti imo. Nimelia. Naandika hapa tu, kwingine nitakana.

Nilikuwa bado nalia nilipomsikia Ngumbao ukumbini akimweleza Bi Mwanakuu kwamba simu yake imemwokoa mama wa Nikanori. Bi Mwanakuu akamwombea dua.

Imemwokoa! Basi mimi mpaka kufa kwangu ni yule mtu ambaye mamake aliokolewa na kopo la maziwa. Kila Idi atahadithia. Mimi nilimwacha azikwe na majirani, halafu tena jirani aje anitunzie sauti yake?

Nimefuta.

Nikatoka nikamwambia na yeye afute. Akasema ndugu yangu, keti kwanza. Nikamwambia ni mama yangu, si wako. Akafuta mbele ya macho yangu, akanionyesha simu. Dama akaniuliza mimi ni mtu wa namna gani.

Nikamjibu mimi ni mtu wa sidii. Jibu lilikuwa zuri. Nilitarajia lingenifurahisha zaidi.

Jumapili, 2 Machi

Mwezi umeandama. Nyumba kimya. Mimi sifungi, ila magharibi Bi Mwanakuu ameniletea bakuli la uji na tambi, akasema mtu hali peke yake mwezi huu. Ngumbao amenisalimia. Nimeitikia kwa kichwa, asizoee.

Lakini siku haikupotea. Mchana nilishuka Mji wa Kale, nikamwona mzee mmoja anayeuza vyombo vya zamani barazani kwake. Ana redio kubwa, spika mbili, urefu wa mtoto wa miaka mitano. Inameza sidii tatu kwa mpigo! Nikamuuliza kama itasoma sidii iliyosuguliwa kidogo. Akasema hajui. Mtu mwaminifu. Asiyejua hajakataa.

Nimeiwekea nafasi chumbani. Itakuwa hapa kabla ya Idi. Mwanzo nilitaka kumrudishia Faiz sidii aisafishe, lakini Faiz simwamini. Nitaisugua mwenyewe tena, mara hii kwa majivu.