Kamati ya Taa ya Nyuma

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwa wananchi wote wa mji huu, wake kwa waume, wanaoendesha na wanaosukuma, kwamba baada ya mashauriano mapana na chai nyingi, mji wetu umepata taa ya nyuma ya baiskeli, angavu na ya kuaminika.

Moja.

Natangaza mimi kwa sababu Mwenyekiti wa Kamati kwa sasa hapendi kutangaza, na Katibu wake ameshikwa na homa ya ghafla. Msiwe na wasiwasi, mimi ni mjumbe halali. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kamati yetu haikuangalia vyeti. Iliangalia akidi.

Ilianza hivi. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, husambaza mikate. Alfajiri hufunga kreti mbili nyuma ya baiskeli, akazipeleka kutoka tanurini hadi madukani. Jumatatu askari wa baraza la mji akamsimamisha. Kosa: hana taa ya nyuma iliyoidhinishwa.

"Nionyeshe iliyoidhinishwa nikainunue," mjukuu akasema.

"Hakuna iliyoidhinishwa."

"Sasa kosa langu nini, kaka?"

"Dada yangu, usinitie majaribuni. Sheria imeshaanza. Taa ndiyo bado."

Hapo hapana ubishi. Sheria ni kama mtoto: huzaliwa kwanza, nguo atatafutiwa baadaye. Baiskeli ikapelekwa uani kwa baraza, ikafungwa mnyororo. Mwenye tanuri si mtu mbaya, ila mkate wake hausubiri. Akampa mjukuu wangu hadi Ijumaa jioni. Asipokuwa na baiskeli, kazi atapewa mwingine. Binti akarudi nyumbani, akakaa kizingitini, chakula hakukigusa.

"Bibi, wamenikata miguu," akaniambia.

Nikajitanda mtandio, nikaenda barazani kukaa. Mimi sigombani na serikali, huwa nakaa tu. Ukikaa mahali pamoja muda wa kutosha, watu hudhani umeajiriwa. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini, mkabala na mlango wenye kibao cha Kamati, na Jumanne asubuhi Katibu akachomoza kichwa, jasho linamtoka.

"Mama, wewe umekuja kwa nini?"

"Kwa ajili ya taa ya baiskeli, mwanangu."

"Ah! Ingia, ingia! Tumepungukiwa mjumbe mmoja!"

Nikaingia, nikapewa chai.

Juu ya meza fundi baiskeli, aliyeitwa kama mtaalamu mwalikwa, alikuwa amepanga taa nne: ya dinamo, ya jua, ya kuchaji na ya betri. Mwenyekiti alisafisha koo. Ni mtu mnene mwenye sauti nzito, hata kuomba sukari kwake ni hotuba.

"Ndugu wajumbe, suala la nyuma ni suala nyeti. Taifa lisilojua nyuma yake haliwezi kwenda mbele. Tuanze majaribio."

Tatizo la kwanza lilikuwa giza. Kamati hufanya kazi saa za kazi, na saa za kazi hazina giza.

"Si tungoje jioni, mzee?" fundi akasema.

"Jioni ofisi imefungwa," Katibu akamjibu. "Hatuwezi kubadilisha ratiba kwa sababu ya jua."

Ikaazimiwa kwamba giza litolewe na wajumbe wenyewe. Kila mmoja alifunika macho kwa viganja. Fundi akawasha taa zote.

"Mnaziona?"

"Hatuzioni," tukasema kwa kauli moja.

Taa zote nne zikafeli. Katibu akaliweka kwenye kumbukumbu.

"Jamani, si mmefumba macho!" fundi akalia.

"Na dereva aliyesinzia je?" Mwenyekiti akamuuliza kwa upole. "Yeye si mwananchi?"

Fundi alinitazama. Mimi nikaitazama chai yangu. Subira ni kama uzi, ukiuvuta kwa nguvu unakukatikia mkononi.

Jumatano likaja tatizo la itifaki. Taa ya nyuma huonwa na aliye nyuma, na Mwenyekiti kwa cheo chake hakai nyuma ya mtu. Fundi alipendekeza baiskeli itangulie, Mwenyekiti aifuate kidogo tu aone mwanga. Katibu alishtuka kana kwamba ameambiwa avue suruali.

"Mwenyekiti aifuate baiskeli ya mikate?"

Maana baiskeli yenyewe ilikuwa ya mjukuu wangu. Ndiyo iliyokuwa karibu na mlango wa ua, wakaichukua iwe sampuli. Suluhisho likapatikana: Mwenyekiti asimame palepale, na baiskeli imjie kinyumenyume. Fundi akaisukuma hivyo ukumbi mzima, anagonga viti, anaomba radhi.

Taa ya dinamo ilitolewa mashindanoni kwa kuwa ilizimika baiskeli iliposimama mbele ya Mwenyekiti, jambo lililochukuliwa kuwa dharau. Ya jua ilikuwa imehifadhiwa kabatini, kwa usalama, kwa hiyo haikuwaka kabisa. Ya kuchaji ilikosa umeme, kwa sababu jengo zima lilikosa umeme. Ikabaki ya betri.

"Fundi," nikauliza, "ikinyeshewa?"

Akaimwagia glasi ya maji. Ikaendelea kuwaka.

"Na barabara ya mashimo?"

Akaitikisa baiskeli hadi kengele ikalia yenyewe. Taa ikakaa imara kwenye kibano chake. Hata mimi niliyekaa ubavuni niliuona wekundu wake vizuri.

"Hiyo basi, bibi," fundi akasema. "Hiyo gari litakuona, utake usitake."

Kamati iliipitisha kwa sababu rangi yake ililingana na tai ya Mwenyekiti.

Nilidhani kazi imekwisha. Alhamisi nikaomba baiskeli ya mjukuu. Katibu akaniambia kwa huruma kwamba sasa ni sampuli rasmi, na sampuli haitoki mpaka iundwe kamati ya kutoa sampuli, labda mwezi ujao. Na taa nyingine za aina ile? Fundi alikuwa nayo hiyo moja tu. Za kuagiza zingengoja kamati ya manunuzi.

"Sawa, mwanangu," nikasema, nikajimiminia chai nyingine.

Siku hiyo ndiyo tuliyoandika kanuni. Mwenyekiti alisoma rasimu, uso ukamkunjamana.

"'Baiskeli.' Baiskeli tu? Kamati nzima kama hii? Kamati ya Mitaro watatucheka." Akachukua kalamu. "Andika hivi: kuanzia kesho jioni, chombo chochote chenye magurudumu, kisicho na taa iliyopitishwa na Kamati hii, kisipite."

"Chochote, mheshimiwa?" nikauliza.

"Chochote, mama. Sheria haina shemeji."

"Mungu akuzidishie. Nani atakayemsomea askari wa getini? Maana kesho asije akasema hakusikia."

Mwenyekiti akapendezwa sana. Akashuka mwenyewe, akamsomea askari mara mbili, kwa sauti ya mikutano. Askari alipiga saluti. Ni kijana mwenye kutii. Ukimwambia asimame, utamkuta amesimama.

Ijumaa jioni, ofisi zinafungwa, mimi na mjukuu tumeketi karibu na geti. Macho yake yako kwenye jua linaloshuka. Gari la Mwenyekiti likaja, linang'aa. Askari akanyoosha mkono.

"Taa, mheshimiwa."

Dereva akaziwasha zote.

"Hizo hazijapitishwa na Kamati."

"Wee, unamjua nani yumo humu?" dereva akafoka.

"Namjua. Ndiye aliyenisomea. Alisema chochote. Hili si chochote?"

Mwenyekiti akashusha kioo. Kwanza akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. Alikuwa anangojwa na mkuu wake, aende akaeleze mafanikio ya taa, na mkuu huyo ni mtu anayefunga mlango saa ikitimia. Akatafuta pikipiki: ina magurudumu. Akamtuma Katibu alete gari la baraza: nalo pia. Katibu akaanza kusema kanuni inaweza kufutwa, ila akidi haikutimia. Wajumbe wengine walikuwa wamekwenda kwao kwa miguu, na mimi nilikuwa na uchovu.

"Hakuna chombo chochote halali mji huu?" Mwenyekiti akauliza, sauti imekuwa nyembamba.

"Kipo kimoja," nikasema. "Ile sampuli yenu."

Mnyororo ukafunguliwa, Katibu mwenyewe alishika ufunguo. Mjukuu wangu akapangusa kwa mkono mahali pa kreti, akampima Mwenyekiti kwa macho.

"Kreti mbili nimezizoea, mzee. Wewe ni kama nne hivi. Panda, ushike vizuri, usitikise miguu."

Akapanda. Askari akanyoosha mkono tena.

"Mzigo umeziba taa."

Ilikuwa kweli. Taa ilikuwa chini ya kiti, na Mwenyekiti ameifunika yote. Fundi, aliyekuwa akipita kwa bahati, akaifungua kwa bisibisi, akaibana kwenye mkanda wa suruali ya Mwenyekiti, nyuma katikati, akaiwasha. Askari akarudi nyuma, akachungulia, akapiga saluti.

"Pita."

Mengine nilisimuliwa na mjukuu. Njiani walipita tanurini. Mwenye tanuri alikuwa mlangoni, akaiona baiskeli, akamwona na abiria.

"Kesho alfajiri?"

"Kesho alfajiri," mjukuu akajibu, hakupunguza mwendo.

Kwenye mlima pumzi ikamwishia. Akamwomba Mwenyekiti ashuke asukume. Akashuka, akasukuma, koti limepanda mgongoni, taa inawakawaka. Nyuma yao likaja lori la mchanga. Dereva wake alikanyaga breki mapema kabisa, kwa sababu taa ile, niwaambie ukweli, ni nzuri mno. Akatoa kichwa dirishani.

"Wewe mwenye taa matakoni! Kaa pembeni watu wapite!"

Mwenyekiti akakaa pembeni.