Kura Zote Zipitie Kwangu

Jumatatu, 3 Machi

Mpiga picha amehama. Chumba cha mbele kiko wazi! Dirisha lake linatazama barabarani, pana, mtu anaweza kulala hapo akajinyoosha. Asubuhi nilisimama pale nikajiona nimekaa na nyundo yangu, wapita njia wakitazama viatu vyao, kisha wakinitazama mimi.

Chumba changu kiko nyuma kabisa, ubavuni mwa choo. Mwanga hakuna. Mwaka huu nimegonga kidole gumba zaidi kuliko nilivyogonga visigino. Wateja wanaleta viatu wakiwa wameziba pua, shida zao wananieleza kwa ishara. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, zamani alikuwa anakuja kula nami mchana. Siku hizi anakula kwa kaka yake, fundi simu, chumba cha kati. Anasema kwangu kuna mbu. Hakuna mbu.

Na huyo kaka yake, shemeji yangu, naye anakitaka chumba cha mbele. Ameshajiandikisha. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tunapiga kura Jumapili. Ushirika wetu wa mafundi hauna mwenyekiti tangu yule wa mwisho alipojichagua kwa kura za marehemu. Baada yake shemeji akatuletea mnyororo, daftari la pamoja la kwenye simu. Simu ya kila mwanachama inatunza nakala ya kila kitu, hakuna bosi, na kilichoandikwa kimeandikwa, hakifutiki. Asiyependa kupiga kura anaweza kumkabidhi mwenzake kura yake. Mimi mwaka jana simu ilinichosha: kura ya ufagio, kura ya kufuli, kura ya rangi ya mlango wa choo. Nikabonyeza kitu fulani, ikanyamaza. Tangu hapo raha mustarehe.

Lakini hili la chumba nitalishughulikia mwenyewe. Mpango ninao.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: wanachama wapya. Mtu mpya anahitaji wadhamini wawili waliompa mkono wakamwona kwa macho. Nimemwandikisha binamu yangu, fundi miavuli. Sina binamu fundi miavuli. Mdhamini wa kwanza mimi. Wa pili nikamwomba Bibi Vifungo, mama mtu mzima anayeuza vifungo na zipu chini ya ngazi. Akasema hana neno, nimlete tu huyo kijana amwone.

Mchana nikaenda mwenyewe. Kofia hadi kwenye nyusi, miwani ya jua, mwavuli kwapani, sauti nzito. Bibi akanipa mkono, akaushikilia, akakitazama kidole gumba kwa muda. Akauliza ndala zake zitakuwa tayari lini. Nikamwambia kesho, Bibi.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni kwangu ndipo nikakumbuka kwamba mimi ni fundi miavuli.

Jumatano, 5 Machi

Kinyozi ndiye anayeongoza Kamati ya Uadilifu wa Kura. Leo alituita saluni kwake akasema kuna mtu anajaribu kuingiza watu wa hewa kwenye mnyororo, na kamati ina upungufu wa mjumbe mmoja. Watu wote wakatazama sakafu. Mimi nikanyoosha mkono. Nani atamshuku mlinzi?

Kazi yangu ya kwanza: kumchunguza fundi miavuli.

Nimeifanya kwa moyo mmoja. Nimeandika kwamba mhusika ni mtu mwenye akili nyingi, umbo zuri, na kwamba huenda ameshavuka mpaka. Kinyozi aliisoma taarifa huku akimnyoa mteja ndevu. Akaniomba niondoe hayo maneno ya umbo zuri. Nilikuwa nimeshaituma kwenye mnyororo. Basi itakaa hapo milele, kwenye simu za watu wote. Si taarifa mbaya, nikisema kweli.

Alhamisi, 6 Machi

Leo kwenye kamati nimepitisha kanuni yangu mwenyewe: mgombea asiwape wapiga kura zawadi ya aina yoyote. Nilimlenga shemeji, maana anawachajia watu simu bure. Imepita bila kupingwa. Nimerudi kwangu kifua mbele.

Nilipokaa nikakumbuka mpango wangu wa pili ulikuwa kuwashonea watu soli bure. Nimejipalia makaa.

Nikatazama rafu. Viatu vya jengo zima viko kwangu! Vya mpiga pasi, vya fundi redio, vya washona mikoba, hata vile vyeusi vya kinyozi anavyovaa harusini. Kanuni inakataza zawadi. Haisemi chochote kuhusu kuchelewesha. Kwa hiyo nimepita chumba hadi chumba nikiwaeleza kwa lugha ya kiungwana kwamba hali ya hewa si nzuri, gundi inagoma kukauka, ila kwa anayenikabidhi kura yake naona itakauka upesi.

Ijumaa, 7 Machi

Inakauka vizuri sana. Mpiga pasi amenikabidhi asubuhi. Fundi redio akafuata, akisema afadhali viatu kuliko vikao. Washona mikoba wamekuja wote pamoja. Simu yangu inalia mpaka raha.

Kinyozi alijikaza hadi mchana, akinyoa watu kwa kandambili za mkewe. Hatimaye akaja. Kabla ya kubonyeza akaniuliza kama nimefungua ukurasa wangu nikaona kura yangu mwenyewe inakaa wapi. Nikamjibu inakaa mfukoni. Kisha akabonyeza, akachukua viatu vyake, akaondoka bila kuvijaribu.

Halafu shemeji. Alisimama mlangoni kwangu bila kuziba pua, yeye peke yake huwa hazibi, kujipendekeza tu. Akasema, “Shemeji, fungua ukurasa wako kabla ya Jumapili. Kura zikishaanza sitaweza kukusaidia.”

Vitisho, mchana kweupe! Nimemwambia kila mtu ashike lake. Ameogopa huyo, mtu haji kukushauri isipokuwa anashindwa.

Mke wangu ndiye aliyenishangaza. Amekataa kunikabidhi. Anasema ana kidole chake, atapiga mwenyewe. Nikamwuliza atampigia nani. Akasema kura ni siri. Yaani siri kwa mume! Imeniuma, siwezi kuficha. Mtu umeishi naye miaka yote hii, kumbe damu ni nzito kuliko maji.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kupima chumba cha mbele kwa kamba. Meza ya kazi hapa, rafu pale, kigoda changu chini ya dirisha. Nimebakiza nafasi ya kiti cha pili, kwa mtu anayependa kula mchana mahali penye hewa. Hata kama kura yake ni siri.

Bibi Vifungo alipita akauliza ndala. Nimemwambia kuhusu gundi na kura. Akasema yeye anapiga kura tangu mimi sijaota meno, na atampigia atakayemtengenezea ndala. Mwanamke mgumu. Nimemwacha, kura moja hainipunguzii kitu.

Jumapili, 9 Machi

Niandike tu, yaishe.

Asubuhi kura zilipofunguliwa nilibonyeza jina langu. Simu ikaandika: Asante, kura yako imeshapigwa. Nikaona ni adabu ya mashine. Nikavaa shati jeupe.

Jioni tulikusanyika uani. Shemeji alitundika shuka ukutani, akaangaza matokeo pale ili watu wote waone kitu kimoja. Kila mwanachama ni duara dogo lenye jina, na kila kura iliyokabidhiwa ni mstari. Mistari yote ilikuwa inakuja kwangu! Kutoka kwa mpiga pasi, kwa fundi redio, kwa washona mikoba, kwa kinyozi. Nilisimama. Nadhani hata nilipunga mkono.

Kisha ukatoka mstari mmoja kwenye duara langu, mnene kama kamba ya kuvutia gari, ukaenda moja kwa moja hadi kwa shemeji.

Nikapiga kelele kwamba tumeibiwa. Kinyozi akainuka, akaweka kidole kwenye shuka. “Hakuna aliyekuibia. Mwaka jana ulimkabidhi shemeji yako kura yako, moja kwa moja, mpaka utakapoirudisha. Ukikabidhiwa za wengine, zinaifuata yako iliko. Kanuni ya tatu. Nilikuuliza Ijumaa.”

Kumbe ndicho kile nilichobonyeza, simu ikanyamaza.

Shemeji akasema taratibu kwamba yeye amebonyeza jina lake mara moja tu, asubuhi, kabla ya kupiga mswaki. Watu wakacheka. Hakuwa anatania, ndiyo maana wakazidi.

Mimi nimepata kura moja. Ukimwacha shemeji, waliopiga wenyewe bila kukabidhi walikuwa wawili tu, Bibi Vifungo na mke wangu. Bibi ametangaza uani kote kwamba yake amempa fundi simu kwa sababu ya ndala.

Kwa hiyo ile moja ni ya mke wangu. Tumerudi nyumbani pamoja. Nimemwambia mawingu yametanda.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeleta malalamiko mbele ya Kamati ya Uadilifu. Kama mjumbe, nimeyapokea mwenyewe. Hoja: mgombea amepata kura nyingi bila kuzitafuta, jambo linalotia shaka. Kinyozi akaniuliza kura hizo zilitoka kwa nani. Nikasema kwangu. Akauliza mimi nilizipataje. Nikaomba kikao kiahirishwe.

Wamekataa kukiahirisha. Nimeondolewa kwenye kamati kwa kosa la gundi. Mnyororo umehifadhi hilo nalo, chini kidogo ya ile taarifa yangu ya umbo zuri.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi mke wangu aliniambia neno moja tu kabla hatujaachana langoni: simu ikilia leo, nisome. Kila mtu siku hizi ananiambia nisome.

Nimefika chumbani kwangu, kigoda hakipo! Nimekitafuta hadi chooni. Nikakikuta chumba cha mbele, chini ya dirisha, na sakafuni mtu kachora mstari wa chaki. Damu ikanichemka. Mtu kachukua chumba, dirisha, kura zangu zote, bado hajashiba, anataka na kigoda! Nikakibeba kichwani, nikakipitisha katikati ya jengo ili waone.

Sijakaa sawasawa, simu ikalia. Ujumbe wa mnyororo kutoka kwa shemeji, una jina lake na jina langu, chini yake KUBALI na KATAA. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Safari hii sidanganyiki. Nimebonyeza KATAA bila kusoma hata herufi. Sijawahi kujisikia mwerevu hivyo.

Mchana mke wangu akaja. Nyuma, kwangu, na chakula cha watu wawili mkononi. Alikuwa ametokea chumba cha mbele.

“Umesoma?”

Nikamwambia sikuzaliwa jana. Akaweka chakula chini, akachukua simu, akanisomea. Nusu ya chumba cha mbele, upande wa dirisha, ni yangu kwa muda wote atakaokuwa nacho kaka yake. Bila sharti. Mstari wa chaki aliuchora mke wangu. Kigoda alikibeba mke wangu, kwa mikono yake, alfajiri.

Nikauliza kama shemeji hawezi kufuta lile kataa. Akasema hakuna anayeweza kufuta, ndiyo maana ya mnyororo. Pendekezo lililokataliwa halirudi mpaka wanachama wapige kura ya kulifungua tena.

Nilidhani ataondoka. Akakaa, tukala pamoja gizani. Nilifurahi na nikaona aibu, vyote pamoja. Katikati ya chakula akajipiga kofi shingoni, akanionyesha kiganja. Mbu.

Sasa. Wanachama wapige kura ya kulifungua tena. Maana yake nahitaji kura. Nimetazama rafu: imebaki tupu, isipokuwa ndala za Bibi Vifungo, na Bibi ana usemi jengo hili. Kesho naanza naye. Nitamwambia kuhusu gundi.

Simu imelia tena. Ujumbe kutoka kwa kamati, mrefu, una vifungu na vifungu vidogo. Nimebonyeza KUBALI. Mtu mwenye shughuli hawezi kusoma kila kitu.