Mashine Moja ya Gemu, Kata Nzima

Mgwashi,
Lushoto.

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka milimani. Mvua zipo, kabichi zinafunga vizuri, na sisi tu wazima isipokuwa kwa ugonjwa mmoja ulioletwa na gazeti lako.

Mliandika kwamba mashine mpya ya gemu imeuzwa kidogo mno katika wiki yake ya kwanza, hata duka la Mombo limeuza moja tu, kwa hiyo biashara ya gemu imekufa. Mjomba wangu, Mzee Sefania, alikuwa ameniahidi fremu yake ya duka nifungue kibanda cha gemu. Alisoma habari hiyo, akavua miwani, akasema hapangishi maiti. Imeniuma sana. Nalalamika ifuatavyo:

1. Hamjui soko. Huku mapeasi ya kwanza yakifika gulioni, akina mama huyabonyeza, huonja, huguna, kisha hurudi nyumbani na vikapu vitupu. Gulio linalofuata hupati hata lililooza. Wiki ya kwanza ni ya kuguna.

2. Mmehesabu mashine mkaacha watu. Kwetu hata shamba hulimwa kwa msaragambo, kijiji kizima na majembe yake. Nani atajifungia na mashine peke yake? Jirani yetu Bi Jenoveva ana runinga moja, lakini siku ya mpira hata mbuzi wake hukosa pa kulala. Mashine moja ya Mombo, kwa hesabu ya huku, ni kata nzima.

3. Ikiwa kata nzima imeshanunua, nanyi mnasema wanunuzi hawapo, basi mmetufuta sote duniani bila hata kumwarifu diwani.

Naomba mwandike upya, ukurasa wa mbele, kwamba mashine zimegombewa. Herufi ziwe kubwa, miwani ya Mjomba ni ya zamani.

Wasalimie wapiga chapa, wafagizi, na mwandishi wa habari ile. Sina kinyongo naye, atakua.

Ni mimi ninayesubiri fremu,
Kristian

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nilipita kwa Mjomba. Fremu ilikuwa imefungwa kwa ndani, na humo mlikuwa na kelele za uwanja wa mpira. Nikabisha, nikatoa shikamoo. Marahaba ilichelewa kuja. Kisha akaniambia, mlango ukiwa bado umefungwa, kwamba mnunuzi wa Mombo ni yeye, yuko kwenye mechi, na pedi ya pili ya kuchezea ameificha ili asisumbuliwe. Ndugu Mhariri, msisahihishe kitu. Mashine moja, mtu mmoja.