Groupe ya Kichina Iliyonibadilisha Jina

Leo nimeaibika, tena nikiwa nimefumba macho. Nawaandikia mapema kwa sababu video imeshafika mtaani kwetu Bwiza, na ni afadhali mlisikie jambo hili kutoka kwangu kabla shemeji zangu hawajaliongezea chumvi.

Mnanijua. Miaka kumi na moja natengeneza redio na ampli pale Bwiza, na siku hizi hakuna anayeniita Yusufu. Naitwa Maître Sikio, yaani bingwa wa kusikia. Jina hilo nilipewa na wateja (sawa, nilijipa mwenyewe, lakini wateja hawakukataa).

Wiki iliyopita alikuja kwangu bwana mmoja, Désiré, anayetaka kufungua hapa Bujumbura duka la vyombo vya muziki vya watu wenye uwezo wao. Spika ndefu kama kabati la nguo, waya nene kama kidole gumba. Kabla ya kufungua duka alitaka kufanya maonyesho kwenye ukumbi wa hoteli moja mjini: seti tatu nyuma ya pazia, na waamuzi wawili wa kuzisikiliza bila kujua ipi ni ipi, kisha watoe alama juu ya ishirini kama shuleni. Mwamuzi wa kwanza ni Mama Consolate, aliyeongoza kwaya ya parokia tangu mimi sijaota ndevu. Wa pili, mimi. Akaniambia wazi kwamba akiridhika na sikio langu, nitakuwa fundi wa duka lake. Duka lenye kiyoyozi, jamani. Mimi ninayechomelea waya chini ya bati.

Basi siku tatu nilikazana kutazama video za watu wanaofanya kazi hiyo ya kupima sauti Ulaya. Nikagundua hawasemi kamwe "inalia vizuri." Wanasema sauti ina joto. Sauti ina hewa. Na wote, kila mmoja wao, wanafumba macho. Nikaona siri ya utaalamu iko hapo. Nikafanya mazoezi nyumbani, mbele ya redio yetu ya jikoni, hadi mke wangu Zaituni akauliza kama nimeanza kupata malaria.

Leo saa nne asubuhi nikafika nimevaa koti la shemeji (mikono yake inaishia kwenye vidole vyangu). Nikabandikwa kibeji kifuani kimeandikwa "Jury." Watu kama arobaini, mapazia ya madirisha yamefungwa, sisi waamuzi tumewekwa mbele kabisa.

Seti ya kwanza ilipiga piano. Nikafumba macho, nikahesabu moyoni hadi kumi, nikatamka, "Iko na joto." Mama Consolate alisema tu kwamba piano yenyewe haijafungwa vizuri nyuzi zake, akaandika alama zake. Seti ya pili ilikuwa mwanamke anaimba peke yake. Nikatamka, "Hii iko na hewa." Nyuma yangu nikamsikia mama mmoja anamuuliza mwenzake kama dirisha liko wazi. Lakini Désiré alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa heshima, na mimi nilishaanza kuusikia ubaridi wa kile kiyoyozi cha duka.

Ikabaki seti ya tatu. Désiré akatuandaa: wimbo utaanza kwa kimya, kisha groupe kubwa ya wapiga ngoma itaingia kutokea mbali, ngoma za chini kabisa, ambazo kifua kinazisikia kabla ya sikio. Nikasema hapa ndipo nitakapochukua kazi yangu. Nikafumba macho kwa nguvu hadi nikaona nyota.

Kikaja kimya. Kimya safi sana, hata feni ya dari ilinyamaza, nikasema moyoni hawa watu wamejipanga. Nyuma yangu ukumbi mzima ukafanya "aaah" kwa pamoja. Nikajua nao wameguswa.

Kisha, mbali, upande wa nyuma ya ukuta, kitu kikakohoa. Kikakohoa tena. Halafu ngoma zikaingia, du-du-du-du, nzito, kiti kikatetemeka chini yangu. Jamani, sitawadanganya, hapo sikuwa naigiza tena. Nilisisimka kweli. Nikaweka mkono kifuani.

Karibu yangu nikasikia sauti ya mzee mmoja: "Njo groupe hiyo imeanza. Mutuvumilie kidogo."

Nikamjibu macho yamefumbwa hivyo hivyo. "Iko groupe ya wapi?"

"Ya Chine," akasema.

Nikashangaa, sikujua kama Wachina nao wanapiga ngoma namna hiyo. Nikamuuliza kama ni groupe ya zamani. Akasema ya zamani sana, lakini bado inapiga. Basi nikasimama, nikanyoosha mkono mmoja (ule wa koti refu), nikatoa hukumu kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima.

"Minasikia wapigaji wane. Watatu wako sawa, ule wa tatu anachelewa kidogo. Mais hii besi, mi sijapata kuisikia. Mutu akiiweka nyumbani kwake, atalala na furaha. Minaipa kumi na tisa."

Du-du-du ikaendelea. Nikahisi mkono wa Mama Consolate kwenye goti langu.

"Mutoto wangu," akaniambia polepole, "fungua macho. Umeme umeenda."

Nikafungua. Giza. Simu arobaini zimewasha tochi, zote zinanimulika mimi. Spika za Désiré hazina hata taa moja, kwa maana moto wa jenereta ulikuwa bado haujaunganishwa ukumbini. Na mbele yangu amesimama yule mzee aliyekuwa akinijibu, Mzee Bukuru, mwendesha mitambo wa hoteli, ameshika kitambaa cha grisi. Nyinyi mnajua sisi tunavyosema: kundi la wanamuziki ni groupe, na jenereta nayo ni groupe. Nilikuwa nimeipa jenereta ya hoteli kumi na tisa juu ya ishirini.

Mama Consolate alicheka hadi kitenge kikafunguka. Désiré alinitoa kibeji taratibu, kama anayemvua mtu viatu akiwa usingizini, akasema atanipigia. Namba yangu hakuiuliza. Na ile kazi niliitaka kweli.

Nikatokea mlango wa jikoni ili nisipite katikati ya watu. Na huko ndiko groupe yenyewe ilikokuwa, inanicheka, du-du-du. Mzee Bukuru akanifuata mbio.

"Maître, umejuaje kama ya tatu inachelewa?"

Nikamuuliza ya tatu gani.

"Silinda. Ziko ine, ya tatu inakosa moto. Mi minasema tangu mwezi uliopita, directeur wa hoteli ananiambia nimezeeka, masikio imekufa." Macho yake yalikuwa yamelowa, sijui kwa kucheka au kwa uchungu.

Akanishika mkono wa koti, akanivuta hadi kwa directeur. Nikayarudia yale yale niliyoyasema ukumbini, safari hii macho wazi, nikahesabu kwa kidole: moja, mbili, ya tatu inajikwaa, nne. Directeur akasikiliza. Akasikiliza tena. Akamtazama Mzee Bukuru, akamwomba msamaha mbele yangu. Akanipa kazi ya kuitengeneza hiyo jenereta; kesho saa mbili asubuhi naanza, mimi na Mzee Bukuru, nyuma ya jikoni.

Nimefika nyumbani, Zaituni ameshika simu, video inacheza. "Karibu, Maître Groupe," akasema, na mtaa mzima umelipokea jina.

Kwa hiyo chekeni leo mmalize. Siku umeme ukikatika kwenye harusi yako, usinitafute.