Asali Hairinwi Mchana

Jumatatu, 3 Machi

Kitabu kibovu! Kinaitwa Milima Tisa ya Lukemo, kinene kama tofali. Mwalimu Khatibu ametugawia kidato cha tatu kizima tukisome, na Jumamosi tutatoa maoni mbele ya shule. Mshindi atatuwakilisha Kibondo kwenye mashindano ya usomaji. Mshindi ni mimi. Nimeshamwambia mama, mama ameshaitangazia jumuiya yote, na viatu vipya viko chini ya kitanda. Kurudi nyuma hakupo.

Nimesoma sura mbili na jalada. Zinatosha. Huyo Lukemo anatembea msituni wiki nzima hajala hata muhogo mbichi. Halafu anaingia nyumbani kwa watu bila kuamkia! Huku kwetu Buha mtu akikupita mlangoni bila salamu ya "mwakeye", bila kupiga makofi, unajua ni mwizi au ana wazimu. Yeye anapewa upanga. Mfyuu! Na kuna joka la vichwa vitatu, hakuna hata kimoja chenye akili.

Mwenzangu darasani Consolée, yule wa njia ya Mtabila, yuko sura ya kumi na moja. Anasoma akitembea, anasoma akisubiri maji bombani. Anasema kitabu kinanoga kuanzia sura ya tatu. Kila kitabu kibovu kina watetezi wake.

Jumanne, 4 Machi

Nimelipata kosa! Liko kwenye jalada. Lukemo yuko juu ya mti, jua la utosi, amekumbatia mzinga, anachota asali kwa mikono mitupu huku anacheka. Anacheka! Mtoto yeyote wa huku anajua asali hairinwi mchana, wala hairinwi bila moshi. Nyuki wangemla ukabaki upanga.

Basi mwandishi kwisha habari yake. Na sitasema kwa mdomo tu kama Consolée. Nitasimama mbele ya shule na mzinga mkononi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa mjomba Ndayikunda, mrina asali. Nikamwomba mzinga wenye nyuki wachache, wapole. Alicheka mpaka akakaa chini. Kanipa mzinga mtupu wa gome, akaniagiza niuweke ndani ya nyumba, nisiupake kitu, nisiutundike popote. Wazee wana masharti kuliko waganga.

Mzinga usionukia asali ni gogo tu, nitachekwa. Kwa hiyo nimeupaka nta na asali kwa ndani, vizuri, kama mtoto wa kubatizwa. Ningeuacha bwenini, wanafunzi wangeulamba wote. Nimeutundika kwenye mparachichi nyuma ya jiko la shule. Akili ni nywele, na mimi zangu nyingi.

Ijumaa, 7 Machi

Consolée amemaliza kitabu, na amelia. Kamlilia joka! Halafu akaja kunisimulia habari ya Lukemo na ule mzinga. Nikamkatalia kabisa. Sitaki maoni yangu yachafuliwe na kitabu.

Mpishi analalamika kwamba nyuki wamezidi jikoni tangu jana. Sukari inamwagwa ovyo hapa shuleni, ndiyo sababu.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Jicho moja limefungwa.

Asubuhi niliushusha mzinga, nikaufunga kwa kitenge cha mama. Ulikuwa mzito kuliko Jumatano. Nikadhani ni mvua. Ulikuwa unavuma pia. Nikadhani ni jenereta la mashine ya kusaga. Mtu ana hotuba kichwani, atasikilizaje kila kinachovuma?

Nilianza vizuri sana. Nikamponda Lukemo kwa njaa yake, kwa kutoamkia, kwa joka lake lisilo na faida. Shule nzima ilicheka, hata mkuu wa shule. Nikainua jalada juu ili wote walione. Nikasema, huyu mwandishi ametuona sisi wajinga, hebu tazameni upuuzi wenyewe unavyofanyika. Nikafungua kitenge. Nikaingiza mkono.

Mama wee!

Mkuu wa shule aliingia chini ya meza. Mwalimu Khatibu akaumwa mdomoni. Mimi sikukimbia, nilihama. Mjomba angesema, na kesho atasema: ukipaka nta na kutundika mzinga, umewakaribisha nyuki kwa barua. Wamehamia humo ukoo mzima.

Wakati sisi sote tunakimbilia mihogoni, Consolée alichukua majani makavu na kaa la moto jikoni, akafukiza moshi taratibu mpaka nyuki wakarudi mzingani. Kisha akaja kunitoa miba usoni.

"Sura ya tatu, Melkiadi," aliniambia. "Anasubiri jioni, anawasha moshi kwanza. Aliyechora jalada ndiye hakusoma."

Kumbe siko peke yangu! Mchoraji mzima wa vitabu, na analipwa.

Mwalimu Khatibu, kwa kuwa mdomo ulikuwa umevimba, alitangaza mshindi kwa chaki ubaoni. Consolée. Kibondo anakwenda yeye, kwa maoni ya kitabu ambacho nimekionyesha mimi kwa vitendo. Na nilikuwa sahihi! Asali hairinwi mchana. Nani alithibitisha?

Jumapili, 9 Machi

Mama amerudi kanisani amenuna. Jumuiya walimuuliza nasafiri lini, akawajibu nina malaria. Wakaja kunisalimia. Wakaona uso. Pelagia wa kwaya aliuliza ni malaria ya aina gani hii. Mama alivichukua viatu akavirudisha kwenye boksi taratibu, bila kunitazama. Hapo roho iliniuma kuliko nyuki wote.

Lakini Mwalimu Khatibu ameniletea kitabu cha pili cha Lukemo. Amesema, kwa mdomo wake ule ule, kwamba muhula ujao nina nafasi nyingine, ila safari hii nisome.

Nimekitazama. Kwenye jalada Lukemo amempanda mamba, anavuka mto kama yuko kwenye bodaboda. Upuuzi mtupu! Mamba hapandwi. Maoni yangu nimeshayamaliza, kabla hata ya chai.

Nimempigia binamu Reverien, anayeishi kando ya mto Malagarasi. Nimemuuliza kama mamba mdogo anapatikana.