Uzinduzi wa Jiko la Kiwanda cha Mashuka

Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa Bodi, uliyekalia kiti cha Mwenyekiti kwa sababu Mwenyekiti mwenyewe ana chakula cha mchana mahali pengine, waheshimiwa wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi na wasaidizi wa wakurugenzi wasaidizi, bwana msimamizi wa zamu, muuguzi wetu, washonaji, wapiga pasi, wakunjaji na wapakiaji, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa naomba ihesabiwe kuwa imezingatiwa. (Makofi kutoka safu ya mbele.)

Mimi, nikiwa Mkurugenzi wa Lishe, Ustawi na Nguvu Endelevu za Mfanyakazi, nimesimama katika ukumbi huu wa kushonea, mbele ya utepe huu mwekundu, kuzindua Jiko la Wafanyakazi, mradi ambao kwa mapana na marefu yake, kwa mtazamo wake wa kimkakati, na kwa jinsi nilivyousimamia mwenyewe bila kuchoka, haujapata kutokea. (Makofi. Sauti ya nyuma: "Kweli kabisa.")

Ndugu wafanyakazi, mtakumbuka nilivyofika hapa wakati wa mvua kubandika bango la Kula Vizuri, Fanya Kazi Vizuri. Nilikuwa juu ya ngazi, nyundo mkononi, mpiga picha akiniomba nitabasamu, ndipo Mama Pacha, mshonaji wa mashine ile ya dirishani, alipolala juu ya shuka alilokuwa akilipinda, sindano ikamchoma ukucha kabla mguu wake haujaachia kanyagio, kisha akateleza hadi sakafuni kimya kimya. Picha, kwa taarifa yenu, ilitoka vizuri.

Wifi yake, ambaye ni mpiga pasi, aliacha pasi ikiwa wima akaja mbio, akamlaza kichwa mapajani. Muuguzi alipouliza mgonjwa amekula nini, jibu lilitoka kidogo kidogo. Alfajiri alikunywa chai ya rangi yenye sukari nyingi, baadaye akajipoza na soda. Maharage ya jana yake aliwaachia watoto, na mayai ni ya mumewe, mlinzi wa usiku. Muuguzi akaeleza, kwa lugha ambayo sisi wataalamu tungeirefusha, kwamba sukari tupu humpandisha mtu haraka na kumtupa haraka, na kwamba ndiyo maana kabla ya mchana ukumbi mzima hupiga miayo kama walioambizana. Mama Pacha hakulia. Aliomba tu watoto wake wasiambiwe, kwa sababu yule mdogo angeanza kumbakishia chakula chake.

Jambo hili lilinigusa sana kiutendaji. (Makofi machache.) Papo hapo, yaani baada ya mchakato, niliunda Kamati Mtambuka ya Kifungua Kinywa, ambayo ilikaa semina, ikala biskuti na soda, ikafanya upembuzi yakinifu, ikasafiri kwenda kujionea namna wenzetu wa mbali wanavyokula, na ikarudi imenenepa kimawazo. (Kicheko. Makamu Mwenyekiti anageuka nyuma. Kicheko kinakoma.) Wajumbe walisinzia kila baada ya biskuti, na usingizi huo tumeuingiza kwenye tathmini.

Sasa, wakati mchakato ukiendelea, mpiga pasi huyu, pasipo kibali wala andiko-dhana, aliwaendea wenzake mmoja mmoja wakati wa kubadilisha nguo, akawaambia kwamba yeye hawezi kumwokota ndugu yake sakafuni mara ya pili. Wakakubaliana kupikiana kwa zamu. Mwenye zamu analoweka maharage jioni, anayachemsha nyumbani, anaifunga sufuria kwa blanketi ili yafike ya moto. Mwingine analeta mboga za majani, mwingine mayai ya kuchemsha, mwingine machungwa, na ndoo ya maji safi ikasimama pale yaliposimama makreti ya soda. Chai haikufukuzwa. Ilipunguziwa sukari tu, na wapakiaji wakanuna kwa muda, kisha wakazoea.

Bwana msimamizi wa zamu, kwa uadilifu wake unaojulikana, aliwazuia. Aliwaambia hapa ni kiwandani, si shereheni, na kwamba mashine hazisimami kwa ajili ya maharage. Mpiga pasi alimjibu akiwa amebeba sufuria, tena kwa upole:

"Bosi, siku ile zilisimama zote. Sisi tunaomba zisimame kidogo, kwa hiari yetu, kabla mtu hajaanguka."

Msimamizi alitazama mashine ya dirishani. Kisha akauliza kama kuna bakuli la ziada. (Kicheko. Msimamizi anainamisha kichwa, anatabasamu.)

Matokeo, ndugu zangu, yanajieleza kitakwimu. Asilimia mia moja ya waliokula walithibitisha kwamba wamekula. Miayo imeshuka kwa kiwango kisichopimika, kwa kuwa hatukukipima. Mama Pacha amerudi kwenye mashine yake, anakula kabla ya kutoka nyumbani hata kama ni kiporo na yai moja, na mumewe, alipopata habari, ndiye sasa anayemwachia mayai. Haya yote tumeyaita Awamu Sifuri, na kwa unyenyekevu nimeyaandika kwa jina langu. (Minong'ono.)

Awamu ya Kwanza itakuwa na majiko ya kisasa, mabomba ya maji, meza zinazokunjuka, mtaalamu wa kalori, na naibu wa mtaalamu wa kalori. Awamu ya Pili itakuwa... itakuwa... (Mkurugenzi anashika meza. Jasho. Msaidizi wake anakimbilia soda.)

Samahani. Tangu alfajiri nimeshindia kahawa na peremende kutokana na uzito wa majukumu. Mama, unakuja na nini? (Mama Pacha amefika mbele na bakuli. Anamsogezea kiti. "Kaa kwanza, baba. Hotuba haiendi popote.") Naam. Nakaa. (Anakula maharage na yai. Ukumbi unamsubiri. Anaomba maji. Anaomba kidogo tena.)

Ahsante, mama. Nimerudi. Sasa nikisema "Jiko," mjibu "Letu!" Jiko! ("Letu.") Jiko! ("Letu.") Jiko! ("Liko wapi?") Nimependa ushiriki huo. Kula mapema! ("Kula!") Sukari kidogo! ("Kidogo!") Maji mengi! ("Mengi!")

Kwa kumalizia, naishukuru Bodi kwa kuahirisha mradi huu kwa busara hadi bajeti isiyojulikana. Naishukuru Kamati, ambayo bado inajadili neno "kifungua". Namshukuru fundi aliyepigilia misumari miwili ukutani ili utepe upate pa kushika, maana nyuma yake hakuna mlango. Na nawaomba wanaokuja kupiga picha wasiguse sufuria iliyo pale chini, kwa kuwa ndiyo jiko lote, na kesho ni zamu ya mpiga pasi kupika.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. (Makofi. Mkurugenzi anakata utepe. Wafanyakazi wanapanga foleni kwenye sufuria, naye anapanga.)